Je, Mtoto Asiye na Sare Arudishwe Nyumbani?

Somo: Yakobo 2:1–17, Kutoka 28, Mathayo 22:1–14



Jumapili iliyopita Mchungaji Kiongozi alituhubiria kutoka Yakobo sura ya 2, habari za yule mwenye pete ya dhahabu na yule maskini mwenye mavazi machafu, jinsi mmoja anapewa kiti kizuri na mwingine anaambiwa asimame kule. Amina zilikuwa nyingi. Lakini tulipotoka nje, dada mmoja wa ushirika wetu ambaye ni mwalimu alinivuta kando. Akaniambia, "Mchungaji, kesho asubuhi mimi ndiye niko zamu kwenye geti. Nitawatoa kwenye laini wale hawana sare, niwarudishe nyumbani. Sasa hiyo ni ile dhambi ya Yakobo 2, ama ni kazi yangu tu?"

Sikumjibu pale. Nilimwomba anipe wiki moja, na haya ndiyo majibu yangu. Naandika nikijua kwamba jarida letu linasomwa Migori na linasomwa Homa Bay, na kwamba miongoni mwenu kuna walimu wakuu, kuna wanabodi wa shule, kuna mafundi wa cherehani ambao Januari ndiyo mavuno yao, na kuna wazazi ambao mtoto wao yuko nyumbani leo kwa sababu ya sweta. Sitampendeza kila mmoja.

Nianze upande wa sare, maana upande huo una haki yake. Soma Mwanzo 37. Mzee Yakobo alimpa Yusufu kanzu ya pekee, na nyumba ikashika moto. Hawa walikuwa ndugu wa baba mmoja, wanakula pamoja, lakini vazi moja lilitosha kuwafanya washindwe kumsalimia mdogo wao kwa amani. Sasa chukua darasa la watoto 60, mmoja ana jaketi aliyoletewa na anko kutoka Nairobi, mwingine amevaa shati la babake lililokatwa mikono. Muulize mwalimu yeyote kuhusu siku ya nguo za nyumbani, ile wanafunzi wanaruhusiwa kuvaa wanavyotaka. Atakwambia kuna watoto ambao siku hiyo huwa wagonjwa kila mara.

Tena sare inampa mtoto jina. Wengi mnamkumbuka Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Alienda na kaptura na soksi ndefu kama wenzake wadogo. Angeweza kuomba ruhusa avae suti yake ya uzeeni, na nani angemkatalia? Nadhani alitaka mtu yeyote akimwona barabarani ajue kwamba huyu ni mwanafunzi.

Na kwetu huku jambo hilo ni zito zaidi. Kwenye fuo zetu, kutoka Muhuru Bay hadi Sori hadi Mbita, msichana wa miaka 14 aliyevaa sare anamtangazia kila mvuvi na kila mtu wa bodaboda kwamba yeye ni mtoto wa shule. Anayemgusa hawezi kusema hakujua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu wasichana 23 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 katika kaunti zetu hizi mbili walikuwa wamewahi kushika mimba, wakati kwa nchi nzima walikuwa 15. Kwa hiyo mtu akiniambia sare ziondolewe kabisa, kila mtoto aje na mtumba wake, mimi sikubaliani naye.

Hata historia yetu inajua hivyo. Wamisheni walipofika huku, na Waadventista wakaanza kule Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906, wazee wetu waliwaita wale vijana waliokubali shule na kanisa *jonanga*, yaani watu wa nguo. Kwetu kitabu na nguo vimetembea pamoja tangu mwanzo. Na tangu mwanzo asiye na nguo alijua mahali pake ni nje.

Hapo ndipo penye shida.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia katika utumishi, mnivumilie nikitoa kalamu kidogo. Januari 2003 serikali ya Rais Kibaki ilifuta ada ya shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni moja wakaingia darasani nchini kote. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kutoza ada ya masomo. Lakini pesa ambazo serikali hutuma kwa kila mwanafunzi hazijawahi kununua shati. Ada iliondoka, sare ikabaki kwa mzazi, na nguo ile ile ambayo inatakiwa kufanya watoto wawe sawa ndiyo imekuwa ada mpya ya geti.

Mtu anaweza kusema ni pesa kidogo. Sare kamili, shati, sketi, sweta, soksi na viatu, si rahisi uipate chini ya shilingi elfu mbili, na hiyo ni ya mtoto mmoja. Mama anayeuza omena anapata pesa kwa siku, kwa kopo, leo mia mbili, kesho hakuna. Sare haidaiwi hivyo. Inadaiwa yote pamoja, wiki ile shule zinafunguliwa. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili zizaane, na muhula wa pili unafunguliwa katikati ya kipindi hicho hicho. Mkulima wa miwa naye anangoja malipo ambayo hayajui tarehe za shule. Huyu mama si mvivu. Pesa yake na deni lake hazikutani, basi. Halafu mtoto anakua. Katika 1 Samweli 2:19 tunasoma kwamba Hana alimshonea Samweli kanzu ndogo mpya kila mwaka. Nampenda Hana, lakini tukumbuke kwamba nyumba ya Elkana ilikuwa na ng'ombe wa kutoa sadaka.

Na kuna jambo ambalo mimi naliona la ajabu. Sheria ile ile ya 2013 inasema mzazi asiyempeleka mtoto shuleni bila sababu ya maana anatenda kosa. Kwa hiyo mzazi wa Nyatike akimweka mtoto nyumbani, chifu anaweza kumfuata. Akimpeleka bila sare, mwalimu anamrudisha. Huyo mzazi asimame wapi?

Nimegundua kwamba tunapojadili sare tunachanganya mambo mawili. Kuna kudai sare, na kuna kumfukuza asiye nayo. Watu huzungumza kana kwamba ukikubali la kwanza umekubali na la pili. Mimi nakubali la kwanza. La pili siwezi kulikubali nikiwa na Biblia mkononi.

Tazama Kutoka 28. Hakuna mwalimu mkuu, Migori wala popote, aliyewahi kuwa mkali wa sare kama Mungu katika sura hiyo. Anataja kitambaa, rangi, mkanda, kilemba, hadi njuga za dhahabu kwenye pindo. Na mstari wa 43 unaonyesha kwamba kuhani akiingia bila vazi lake la ndani angekufa. Ni sheria ya sare yenye adhabu kali kuliko zote. Lakini rudi nyuma, Kutoka 25, uone nyuzi na dhahabu zilitoka wapi. Zilitoka kwa sadaka ya watu wote. Na walioshona walikuwa mafundi ambao Mungu mwenyewe aliwajaza hekima kwa kazi hiyo. Haruni hakuambiwa aende akajitafutie. Mungu alipofanya vazi liwe la lazima, kwanza alihakikisha lipo.

Na sare ya shule yenyewe ilianza hivyo hivyo. Moja ya sare za shule za zamani sana zinazojulikana ni ya Christ's Hospital, shule iliyoanzishwa London mwaka 1552 kwa ajili ya watoto maskini na mayatima. Waliokotwa mitaani, wakapewa chakula, mahali pa kulala, na koti refu la bluu. Shule hiyo iko hadi leo, wanafunzi bado wanavaa koti lile, na bado wanapewa bila malipo. Vazi lilikuwa zawadi ya mwenye nyumba kwa mtoto asiye na kitu. Sisi tumelipokea kutoka kwa Wazungu tukaacha ile sehemu ya zawadi.

Mtaniuliza kama kutoa sare kunasaidia kweli au ni huruma tu. Hili halihitaji kubahatisha, kwa sababu lilipimwa karibu na sisi, kule magharibi mwa Kenya. Mtaalamu wa uchumi Michael Kremer, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, alifanya utafiti huko na wenzake. Katika mmoja, watoto walipigiwa kura, walioshinda wakapewa sare ya bure. Kukosa shule kulipungua sana kwa waliopewa, na kulipungua zaidi kwa wale ambao hapo mwanzo hawakuwa na sare yoyote. Katika utafiti mwingine ulioanza 2003 na kuhusisha shule 328, wanafunzi wa darasa la sita katika baadhi ya shule walipewa sare. Baada ya miaka mitatu, wasichana walioacha shule walikuwa wachache kuliko katika shule nyingine, na waliopata mimba pia walikuwa wachache. Sketi na shati tu! Ukikaa ufukweni utaelewa kwa nini. Msichana anayehitaji shilingi elfu mbili kabla ya Jumatatu, kuna mwanamume anayejua anazihitaji.

Lakini niseme ukweli wote, maana mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana hata tunapopigania jambo zuri. Watafiti waliporudi miaka mingi baadaye kuwatazama wale watoto wa ile kura, hawakukuta kwamba waliopewa sare walifika madarasa ya juu kuliko wenzao. Sare ilimleta mtoto darasani mwaka ule. Haikumfundisha hesabu, haikumlipia sekondari. Anayedhani tukigawa sweta tumemaliza kazi, bado hajaanza.

Sasa pingamizi. Shemasi mmoja aliniletea Mathayo 22, na alikuja amejiandaa. Mfalme alifanya karamu ya arusi, akamkuta mtu hana vazi la arusi, akaamuru afungwe mikono na miguu atupwe nje. "Mchungaji, hata kwa Mungu kuna sare, na asiye nayo anatolewa." Wahubiri wengi hukwepa hapa kwa kusema mfalme aligawa mavazi mlangoni na yule mtu akakataa lake. Inaweza kuwa hivyo, lakini Mathayo hakuliandika, nami sitaongeza. Ninachoona kwenye maandiko ni kwamba mfalme alimwita rafiki, akamuuliza imekuwaje, akamngoja ajibu, na yule mtu hakuwa na neno. Mtoto wa gredi ya 3 hana neno kwa sababu nyingine. Hajaulizwa. Tena Yesu pale anazungumza juu ya ufalme na hukumu, anazungumza na watu wazima waliokataa mwaliko. Ukitaka kujua anasema nini juu ya mtu asiye na nguo ya kuvaa, ongeza sura tatu tu katika Mathayo huyo huyo, ufike 25:36. Pale asiye na nguo ni yeye mwenyewe.

Pingamizi la pili ni la yule dada mwalimu, na ndilo ninaloliheshimu zaidi. Alisema, "Nikimwacha mmoja leo, kesho watakuwa ishirini, na wiki ijayo sina shule." Ni kweli kwamba sheria isiyo na adhabu inakufa. Lakini tujiulize adhabu inampata nani. Mtoto hana mfuko. Hakuamua baba anywe pesa, hakuamua nyavu zirudi tupu. Ezekieli 18 inakataa mwana asibebe uovu wa baba yake. Mwalimu ana simu, ana chifu, ana mkutano wa wazazi. Amwite mzazi, aweke tarehe, afuatilie. Hiyo ni kazi zaidi, najua, na walimu wetu tayari wamechoka. Kumrudisha mtoto ni njia rahisi kwa sababu tu mtoto hawezi kubishana.

Kuna wa tatu wanaosema tukitoa bure, wazazi watalegea. Baadhi watalegea. Kuna baba tunayemjua sote ambaye ana pesa ya pombe na hana ya soksi, na kanisa likimnunulia mtoto soksi yeye atashukuru na kuagiza nyingine. Huyo akemewe, na mimi niko tayari kwenda kumkemea. Lakini siwezi kumfundisha yeye adabu kwa kutumia kipindi cha Kiingereza cha binti yake.

Kesi kubwa ya sare iliyosikika sana Kenya ilihusu hijabu. Ilitoka shule moja ya Isiolo iliyo chini ya ufadhili wa Kanisa la Methodisti. Mahakama ya Rufaa iliwakubalia wasichana Waislamu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2019. Sijali hapa nani alikuwa sahihi. Naona tu kwamba mtoto anayezuiwa kwa sababu ya imani hupata mawakili, na anayezuiwa kwa sababu ya umaskini hurudi nyumbani kimya kimya.

Niseme na wanabodi. Mnaweza kupunguza mzigo huu bila kungoja Nairobi. Nendeni Isebania siku ya soko, mvuke mtazame upande wa Sirari. Watoto wa shule za msingi za serikali kule Tanzania wanavaa shati jeupe na sketi au kaptura ya bluu, na mtoto akihama wilaya anahama na nguo zake. Kwetu kila shule ina rangi yake, mistari yake kwenye kola, na wakati mwingine duka lake moja tu. Familia ya mvuvi inayofuata samaki kutoka Muhuru hadi Mbita, au ya mchimba dhahabu anayetoka Macalder, inanunua rangi mpya kila inapohama. Gredi ya 7 ilipoanza mwaka 2023 ndani ya shule za msingi zile zile, kuna wazazi walioambiwa wanunue sare nyingine ya kuvalia katika uwanja ule ule! Mamlaka ya Ushindani ya Kenya imekwisha kuzionya shule zinazowalazimisha wazazi kununua kwa muuzaji mmoja. Darasani tulifundishwa kwamba ukiwa na muuzaji mmoja na mnunuzi asiyeweza kukataa, bei haina dari. Chagueni rangi ambazo kila fundi wa Rongo na Oyugis anazo kwenye kibanda chake. Beji ishonwe juu. Mafundi wetu hawatakosa kazi. Watapata hata ile iliyokuwa inaenda kwa duka moja.

Na kabla hatujawanyoshea shule kidole, tuangalie kitenge cha idara ya akina mama na fulana za kongamano. Kuna dada ambao hawaji wiki ya kongamano. Wazee wa kanisa wamekubali tulizungumze kwenye kikao cha mwezi huu.

Kwa hiyo jibu langu kwa dada yangu mwalimu ni hili. Simama getini. Andika jina la asiye na sare. Kisha mwache aingie darasani, na hiyo karatasi uipeleke kwa mzazi, kwa bodi, na nakala kwetu. Mwalimu mkuu akikuuliza, mwambie aje tuongee. Namba yangu unayo.

Nyuma ya ofisi, Migori, kuna kabati lililokuwa la vyombo vya zamani. Limesafishwa. Homa Bay watatumia chumba cha Sunday School. Leteni sweta, sketi, kaptura na viatu ambavyo watoto wenu wameviacha wakikua, vikiwa vimefuliwa. Mafundi watatu wamejitolea Jumamosi alasiri kurekebisha na kubadilisha beji. Andika saizi kwenye kipande cha karatasi, ukibandike kwa pini. Jina lako usiandike, na mtoto wako asiambiwe sweta lake limeenda kwa nani.